Kugonga Mlango wa Jirani

Katika somo la maadili mhadhiri alituuliza: mtu anayesaidia huku ananung'unika, je, ametenda wema au amejiondolea kero tu? Wengi darasani walijibu upesi kwamba Mungu hutazama moyo, kwa hiyo msaada wa manung'uniko hauna thawabu. Ni jibu zuri la karatasini. Lakini mimi nimekulia chini ya mlima Wanale, katika nyumba yenye chemchemi nyuma ya jiko, na nashuku kwamba waliojibu hivyo hawajawahi kuamshwa alfajiri na watu waliobeba jerikeni.

Mkristo akitajiwa jirani, mawazo yake hukimbilia Msamaria mwema wa Luka sura ya 10. Sina ugomvi na mfano huo. Hata hivyo tazama unavyokwisha: Msamaria anamfunga majeruhi vidonda, anamwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, anaahidi kulipa zaidi atakaporudi, kisha anaendelea na safari yake. Hatuambiwi kwamba yule majeruhi alihamia mtaani kwake na kuanza kuomba chumvi kila jioni. Majirani wa nyumbani ni hadithi nyingine. Wao hawaishi kuhitaji, na sisi hatuishi kuonana nao.

Sura inayofuata, ya 11, ndiyo inayofanana na mtaa wetu. Mtu anafikiwa na mgeni usiku wa manane, hana mkate, anakwenda kumgongea rafiki yake amwazime mitatu. Wa ndani anajibu kwamba mlango umefungwa na watoto wamelala, asisumbuliwe. Mwishowe anaamka na kutoa, na Yesu anasema wazi kwamba haamki kwa ajili ya urafiki, bali kwa sababu wa nje ameng'ang'ania bila haya. Wahubiri hutumia mfano huu kufundisha maombi, na ndivyo Luka alivyoupanga. Mimi nautazama kwa jicho la jikoni: mkate ulitoka, mgeni akala.

Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, anamsifu mtu aliyezongwa na huzuni zake mwenyewe, asiyesikia tena huruma kwa wengine, ambaye hata hivyo anasaidia kwa kuwa ni wajibu. Kwa Kant, thamani ya tendo huonekana hapo hasa. Lakini mwenye mikate wa Luka hafaulu hata mtihani huo. Hakuamka kwa upendo wala kwa wajibu. Aliamka ili alale.

Sasa niseme yaliyotokea kwetu. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale. Zaidi ya watu 20 walikufa, nyumba na madaraja yakasombwa, na mabomba ya maji ya mji yakakatika. Siku zile za kwanza wema ulikuwa mwepisi. Watu walibeba magodoro ya watu wasiowajua, makanisa na misikiti ikapokea waliokosa pa kulala. Maafa yana nguvu hiyo, humfanya kila mtu Msamaria kwa wiki moja.

Ugumu ulikuja wiki ya pili. Mabomba yalikuwa hayajarudi sawa, na chemchemi yetu, ambayo babu aliijengea ukuta wa saruji na kuitia bomba moja, ikawa kisima cha mtaa mzima. Mama aliamka saa kumi na moja kila siku kufungua geti. Alinung'unika, tena kwa sauti. Alisema ua umegeuka tope, alisema watu hawafungi bomba, alisema hata Musa alichoshwa na watu wa kudai maji. Waliokuwa kwenye foleni walicheka, wakateka, wakaenda, na kesho yake walirudi.

Mwaka ule ulikuwa wa imbalu, maana Wagisu hutahiri vijana katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Jirani yetu wa upande wa chini alikuwa na kijana wa kutahiriwa, na nyumba yenye imbalu lazima ipike pombe ya ulezi. Akaja kuomba jerikeni sita. Mama ni mlokole, hagusi pombe. Alimpa zote sita, na siku hiyo hakunung'unika hata kidogo. Badala yake alimweleza kwa upole, mbele ya foleni, kwamba maji ni zawadi ya Mungu, na kwamba kijana wake angependeza zaidi kama angeingizwa utu uzima bila ulevi. Jirani aliitikia, "Asante, dada," akajitwika jerikeni ya kwanza.

Hakuonekana tena kwa wiki mbili. Tulikuja kujua kwamba watoto wake wanateka mtoni, kwenye maji yaliyopitia vyoo vilivyobomoka, na mdogo wao alikuwa akiharisha.

Hapa ndipo jibu la darasani linaponishinda. Tukipima moyo, siku ya maji ya pombe ndiyo mama alikuwa na moyo safi kuliko siku zote. Alitoa kinyume na alivyopenda, alitoa bila hasira, na alimtakia mwenzake mema. Siku nyingine zote alitoa kwa kero. Lakini kero ile iliwaacha watu warudi, na upole ule ulimfunga mtu miguu. Nadhani tunakosea tunapoukagua wema kwa mtoaji peke yake, kana kwamba mwombaji ni chombo cha kupokelea thawabu zetu. Anayegonga mlango naye anafanya kazi nzito, anaweka haya yake mezani. Ningependa tuulize jambo la pili: baada ya kupewa, je, anaweza kurudi kesho bila kuinamisha macho?

Mwenzangu mmoja alipinga kwamba kwa kipimo hiki mnafiki mchangamfu atamshinda mtakatifu mkimya. Huenda. Lakini sisemi kwamba moyo si kitu. Nasema kwamba jirani haishi ndani ya moyo wangu, anaishi upande wa pili wa ua. Pia kuna wanaong'ang'ania kwa tabia tu. Nilipokaa kwa shangazi Jinja, mtaa wa Walukuba, mpangaji wa chumba cha pili alikopa sukari mpaka shangazi akawa anaificha chini ya kitanda. Sioni kama shangazi alitenda dhambi. Mpangaji yule hakuwahi kutoa hata kiberiti, na pale ambapo mmoja huomba tu na mwingine hutoa tu, ujirani umeshakwisha zamani.

Mama alipopata habari za mtoto hakwenda kuomba radhi, wala hakupeleka maji. Alikwenda kwa jirani na kusimama mlangoni. "Hodi, dada. Nimepata malewa, nataka kuyaunga kwa karanga. Niazime kinu chako."

Chetu kilikuwa chini ya mti, kizima kabisa. Nimejadili na wenzangu kama huo ni uongo, na mfuasi wa Kant angekunja uso. Mama hakusema kwamba chetu kimevunjika, aliomba cha mwenzake tu. Mimi humkumbuka Yesu penye kisima cha Yakobo, katika Yohana sura ya 4. Maji ya uzima yalikuja baadaye katika mazungumzo yale. Neno lake la kwanza kwa mwanamke Msamaria lilikuwa kuomba maji ya kunywa. Alianza kama mhitaji, mbele ya mtu ambaye hakutazamia kuombwa kitu na Myahudi.

Jirani alitoa kinu, akakifuta kwa kanga yake. Akamwambia mama akirudishe kabla ya jioni, maana safari iliyopita alikikalia siku tatu. Kesho yake alfajiri alikuwa getini na jerikeni mbili, wa nne kwenye foleni, akilalamika kwamba bomba letu linatoa maji polepole mno.