Kiti Hiki ni cha Nani?

Kuna kiti cha waya ambacho pengine umewahi kukiona, kwenye filamu au mkahawani: umbo la almasi, kimejaa matundu, kama wavu uliokunjwa ukapewa miguu. Kinaitwa Diamond. Kilibuniwa na Harry Bertoia, mchongaji sanamu mzaliwa wa Italia, na kampuni ya Knoll ikakitoa Marekani mwaka 1952.

Kabla ya hapo, miaka ya 1940, Bertoia alifanya kazi California na Charles Eames na wenzake, wakitafuta namna ya kukunja mbao nyembamba ziwe viti. Mwaka 1946 jumba la makumbusho la MoMA, New York, likaonyesha viti hivyo. Jina la mbunifu? Eames peke yake. Bertoia akaondoka.

Niliposoma hayo nilimwonea huruma. Bosi wangu wa zamani aliwahi kusimama mbele ya wateja na nembo niliyokesha nikiichora, akasema, "Hapa nilifikiria hivi." Nikanyamaza. Kodi ya nyumba haingoji.

Halafu nikaendelea kusoma. Kule Knoll, Bertoia alikuwa na msaidizi kijana, Richard Schultz, waliyehangaika naye hadi viti vikatengenezeka kiwandani. Na kazi ya kuunganisha zile waya ilifanywa kwa mikono ya mafundi. Kiti kikabaki na jina moja: Bertoia.

Hapo huruma ikaanza kuniwasha. Majuzi, kijana aliyekuja ofisini kwetu kujifunza kazi alinichorea herufi za bango. Nililiweka mtandaoni kwa jina langu tu. Si wazo lilikuwa langu? Lakini hata yule bosi angesema hivyo hivyo.

Tunapenda kusema wazo ni la kichwa, mkono unatumwa tu. Mwulize fundi yeyote wa chuma. Waya hukataa mchoro, na mkono ndio unaotafuta njia nyingine. Huko nako ni kufikiri. Sisemi wote wagawane sawa. Nasema tu kumtaja mwenzako hakukupunguzii kitu, ila kumficha ni kumwibia.

Jana nimeongeza jina lake kwenye bango, wiki tatu baadaye. Nikamwandikia kumwambia. Akajibu neno moja: "Sawa."

Hakusema asante. Sikumdai.