Kosa la Nani, Wote Wawili Wakiwa Wazima?

Chukua tovuti ya WordPress yenye mandhari nadhifu, kisha uiongezee programu-jalizi ya kalenda ili wasomaji waone ratiba ya mwezi. Mandhari ikiwa peke yake haina dosari. Kalenda nayo, ukiijaribu kwenye tovuti nyingine, inapanga siku zake katika safu saba bila kukosea. Zikutanishe, na mwezi unabomoka: kwenye simu tarehe zinashuka wima kutoka 1 hadi 31 kama orodha ya madeni, Ijumaa haijulikani iko wapi, na kitufe cha kwendea mwezi ujao kimepakwa rangi ileile ya ukurasa hata hakionekani. Fundi anauliza atalitengenezaje tatizo hilo. Swali la falsafa linachelewa kidogo hapo: vitu viwili vizima vikizaa kosa kwa kukutana tu, kosa hilo ni la nani? Naamini lina mwenyewe, ila hapatikani kwa njia tuliyozoea kumtafutia.

Njia tuliyozoea ni ya kuzima. Unazima programu-jalizi zote, unarudisha mandhari ya asili ya WordPress, kisha unawasha kimoja kimoja mpaka ubovu urudi. John Stuart Mill aliieleza mantiki yake katika A System of Logic, mwaka 1843: hali mbili zikilingana kwa kila jambo isipokuwa moja, na tukio likatokea katika hali moja tu, basi jambo hilo lina mkono katika tukio. Kama njia ya kupata mahali penye tatizo, haina mpinzani. Kama njia ya kupata mkosaji, inapotosha. Kalenda ikizimwa, ubovu unatoweka. Mandhari ikibadilishwa, unatoweka vilevile. Aliyeanza na kalenda ataondoka akiilaumu kalenda, na aliyeanza na mandhari ataapa kwamba mandhari ndiyo mbovu. Mwanauchumi Ronald Coase aliuona utata huu mwaka 1960 alipoirejea kesi ya Sturges na Bridgman, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1879. Mtengeneza peremende mmoja wa London alikuwa ametumia mashine zake kwa zaidi ya miaka 20 bila ugomvi na mtu, mpaka jirani yake daktari alipojenga chumba cha kuwaonea wagonjwa mwishoni mwa bustani, karibu kabisa na mashine zile. Mahakama ilimpa haki daktari. Coase akauliza kama kumnyamazisha mtengeneza peremende nako si kumdhuru, akahitimisha kwamba madhara ya namna hii yana pande mbili. Wengi hufika hapa wakatua mzigo: hakuna mkosaji, kuna mapatano tu. Mimi sitaki kutua hapo, kwa kuwa kilichoandikwa ndani ya programu zenyewe kinatuambia zaidi ya sauti ya mashine ukutani.

Tuzifungue, basi. Ndani ya mandhari tunakuta kanuni inayosema, kwa maneno ya kawaida: skrini ikiwa ndogo, kila kisanduku cha kila jedwali kichukue upana wote. Ndani ya kalenda tunakuta kanuni inayosema: jedwali lenye jina langu liwe na safu saba. Ya kwanza inavitungia sheria vitu ambavyo mwandishi wake hakuvitengeneza wala hajawahi kuviona. Ya pili inasema juu ya kilicho chake. Immanuel Kant, mwaka 1785, alitupa kipimo kinachofaa hapa: jiulize kama ungeweza kutaka kanuni unayoifuata ifuatwe na kila mtu. WordPress ina zaidi ya programu-jalizi 50,000 za bure katika maktaba yake rasmi, na hakuna mwandishi anayezijua zote. Wote wakitawala kila jedwali na kila kitufe, hakuna ukurasa utakaosimama. Kila mmoja akitaja vyake kwa jina, wote wanakaa.

Kipimo hicho kinang'aa zaidi kwenye tamko la !important, ambalo mafundi wenye haraka hulibandika mwishoni mwa kanuni ili ishinde nyingine. Leo linafanya kazi. Kesho mwandishi wa mandhari naye analiweka. Wote wakishalitumia, kivinjari kinarudi kulekule kulikoanzia: kinapima ni kanuni ipi iliyotaja kitu kwa ukaribu zaidi, na zikilingana, ipi imekuja mwisho, kana kwamba hakuna aliyepaza sauti. Ni sawa na ahadi ya uongo katika mfano wa Kant, ambayo ikitolewa na wote haimdanganyi tena yeyote. La kusikitisha ni kwamba toleo la pili la CSS, lugha inayoandikiwa kanuni hizi, la mwaka 1998, lililiweka tamko hili la msomaji juu ya lile la mwandishi, ili mwenye macho dhaifu aweze kulazimisha herufi kubwa. Haki iliyolindwa kwa ajili ya mnyonge imekuwa silaha ya mafundi wanaogombania rangi ya kitufe.

Kuna watakaosema mandhari ndiye mwenye nyumba, na mgeni hufuata desturi za mwenyeji. Hoja hiyo ina uzito, nami naikubali kwa upande wa herufi, rangi na nafasi kati ya aya. Kalenda inayokuja na mwandiko wake na kukataa ule wa tovuti haina adabu. Lakini umbo la mwezi si pambo. Ukiondoa safu saba hujaibadilisha sura kalenda, umeiua. Isitoshe, mwenyeji ana wajibu wake: mandhari isiyoita wp_footer() mwishoni mwa ukurasa inawanyima wageni mahali pa kuingizia hati zao, na kalenda inabaki imekufa hata kama haina kosa. Mgeni naye hana kinga. Kalenda inayong'oa jQuery, maktaba ya hati iliyo ndani ya WordPress, na kuweka ya kwake ya zamani, mpaka menyu ya mandhari ikagoma kufunguka, imeanguka kwa kipimo kilekile.

Wengine watasema programu hizi ni za bure, na leseni yake, GPL, inatamka wazi kwamba hazina dhamana yoyote. Ni kweli, na mahakamani hilo linatosha. Ila leseni inamwondolea mwandishi fidia. Haigeuzi kanuni mbaya kuwa njema. Anayegawa maji bure hadaiwi bei, na bado haruhusiwi kuyamwaga mlangoni kwa jirani.

Kwa hiyo, mwenye tovuti, usimwandikie malalamiko yule ambaye ubovu uliondoka ulipomzima. Bofya kulia kwenye tarehe iliyopotoka, fungua kikaguzi cha kivinjari, usome ni kanuni gani iliyoigusa na imetoka faili gani. Kama inasema "kila jedwali", barua ni ya mwenye mandhari, hata kama kalenda ndiyo uliyoisakinisha jana. Ukingoja jibu lake, andika marekebisho yako katika mandhari tanzu, uitaje kalenda kwa jina lake, na !important uiache.