Shuka Leo!

Ndugu msomaji, unamjua. Jina lake limekujia kabla hujafika mwisho wa mstari huu. Ni yule uliyemkosea, ukajua umemkosea, ukanyamaza.

Unangoja nini?

Mtazame Naamani! Jemadari wa Shamu, mshindi wa vita, kipenzi cha mfalme. Na mwilini mwake, ukoma. Alifunga safari hadi Samaria na talanta 10 za fedha, shekeli 6,000 za dhahabu na mavazi 10. Nabii Elisha hata mlangoni hakutoka! Alimtuma mjumbe tu: nenda ukaoge Yordani mara saba.

Naamani akawaka hasira. Kwao Dameski kulikuwa na Abana na Farpari, mito aliyoiona bora kuliko maji yote ya Israeli. Akageuka, akaondoka. Ona hatari hiyo! Dawa imetajwa, njia imeonyeshwa, mto uko pale pale, na mgonjwa anarudi kwao na ukoma wake kwa kuwa hakupokewa kwa heshima aliyoitaka.

Ndivyo ufanyavyo! Utamwomba mkeo radhi akianza yeye. Utapatana na mdogo wako juu ya mpaka wa shamba akikujia na wazee. Na yule dada wa kazi uliyemtukana mbele ya wageni? Huyo hata humhesabu!

Lakini ni nani aliyetaja habari za nabii nyumbani kwa Naamani? Msichana mdogo, mateka, mtumishi wa mkewe! Ni nani waliomsihi asiondoke na hasira zake? Watumishi wake! Wafalme wawili, wa Shamu na wa Israeli, walishughulika na barua juu ya ukoma wake, wasimponye. Wangapi wamekwisha kukuonya nyumbani kwako, ukawafokea kwa kuwa ni wadogo?

Basi jemadari akashuka. Akajichovya mara saba, wala si sita. Mwili wake ukawa kama wa mtoto mdogo!

Usiniambie kesho. Kesho mama yako huenda asisikie tena. Kesho ndugu yako huenda amehama. Kesho moyo wako utakuwa umezoea, na hilo ndilo linalonitisha kuliko yote!

Inuka! Mpigie simu, mfuate shambani, mbishie hodi. Usijitetee, usihesabu makosa yake, usitume mtu. Mwambie kwa kinywa chako, “Nimekukosea, nisamehe.” Mwambie leo, jua halijatua!