Mgeni, Sheria na Neno la Mungu

Je, Mkristo aweza kuishika sheria ya nchi na kumhurumia mgeni pia, au hana budi kuacha moja apate la pili? Swali hili liliulizwa kwa nguvu katika Marekani mwaka 2018, na pande zote mbili zilikuwa na Biblia mkononi. Yafaa nasi tulitazame.

Habari yenyewe ni hii. Mwezi wa Aprili mwaka ule serikali iliamuru kwamba kila mtu mzima avukaye mpaka wa kusini pasipo ruhusa ashtakiwe. Wazazi walipopelekwa kifungoni walitengwa na watoto wao. Tangu Mei 5 hata Juni 9 watoto waliotengwa walikuwa zaidi ya 2,300. Watu wengi walipolalamika, Jeff Sessions, mwanasheria mkuu wa serikali, alisimama katika mji wa Fort Wayne tarehe 14 Juni, akawakumbusha Wakristo Warumi sura ya 13, ambapo Mtume Paulo afundisha kuwatii wenye mamlaka. Wengine wakamjibu kwa Mambo ya Walawi 19:34, palipoamriwa kumpenda mgeni. Tarehe 20 Juni Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kuacha kuwatenga.

Basi, ni nani aliyesoma vema? Tusimdharau aliyetaja Warumi. Nyumba isiyo na mlango huingiwa na mgeni, na mwivi pia. Torati nayo haikumwacha mgeni afanye apendavyo, maana Hesabu 15:16 yaagiza sheria moja kwake na kwa mwenyeji. Hata wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Lakini Paulo hakuishia hapo. Katika sura ile ile, mstari wa 4, amwita mtawala mtumishi wa Mungu kwa ajili ya mema. Mtumishi ana bwana wake, naye aweza kuulizwa kama kazi aliyoifanya ndiyo aliyotumwa. Tena mstari wa 8 hata wa 10 wafundisha ya kuwa sheria yote hutimizwa kwa upendo, usiomdhuru jirani. Katika Marekani iyo hiyo, ilipotoka sheria ya mwaka 1850 ya kuwarudisha watumwa waliotoroka, wako wahubiri walioitaja sura hii ili watu waitii. Leo ni nani awasifuye kwamba walisoma vema? Basi kutaja amri ya kutii hakuthibitishi kwamba sheria ni ya haki.

Mtazameni Ruthu. Kumbukumbu la Torati 23:3 yamzuia Mmoabi asiingie katika mkutano wa Bwana. Ruthu alikuwa Mmoabi, tena mjane na maskini, akafika Bethlehemu mwanzo wa mavuno ya shayiri. Boazi hakuidharau Torati. Alishika neno jingine la Torati hiyo hiyo, lile la kumwachia mgeni masazo ya shamba, akalitimiza kupita kiasi: aliwaagiza vijana wasimguse, tena wamwangushie masuke kwa makusudi. Halafu akamwoa kwa haki, langoni, mbele ya wazee. Katika uzao wao alitoka Daudi, na Mathayo 1:5 yamtaja Ruthu katika ukoo wa Bwana wetu.

Kwa hiyo naona hivi. Maandiko hayatuambii nchi ipokee wageni wangapi. Shauri hilo limeachiwa hekima ya watu. Lakini yatuambia lisilopasa kufanyiwa mgeni aliyekwisha kuwa mkononi mwetu. Someni Kumbukumbu la Torati sura ya 24: asicheleweshewe ujira wake, asipotoshewe hukumu, wala mtoto asiadhibiwe kwa kosa la mzazi. Mtoto aliyetengwa na mamaye kwa sababu mamaye alivuka mpaka amechukua adhabu isiyo yake. Serikali yaweza kumrudisha mtu kwao kwa haki. Kumdhulumu haiwezi kwa haki.

Nawe, ndugu msomaji, usidhani neno hili ni la wakubwa wa mbali tu. Yuko mtu aliyekuja kijijini kwako kulima vibarua, lugha yake si yako, wala hana ndugu wa kumsemea. Ukimpunguzia ujira kwa kuwa hana pa kushtaki, Torati ile ile yasema ya kuwa atamlilia Bwana, na hiyo itakuwa dhambi kwako. Mlipe leo, kabla jua halijachwa.