Kujieleza na Kujisifu: Swali la Mwombaji wa Uzamivu

Mtu anayeomba kusomea shahada ya umahiri au ya uzamivu katika insia, yaani taaluma zinazomchunguza binadamu kupitia lugha, fasihi, historia, falsafa na dini, hudaiwa nyaraka nyingi, na sehemu kubwa ya nyaraka hizo hutoka kwa watu wengine: chuo hutoa matokeo yake ya mitihani, wakili hugonga muhuri kuthibitisha kwamba nakala za vyeti ni sahihi, na walimu wake wa zamani, wanaoitwa wadhamini, huandika barua za kumwombea. Waraka mmoja humtaka azungumze kwa kinywa chake mwenyewe, nao ni maelezo ya azma, ukurasa mmoja au miwili ambamo anatakiwa kusema yeye ni nani, anataka kuchunguza nini, na kwa nini achaguliwe yeye na si mwingine. Mwombaji aliyelelewa kando ya Ziwa Viktoria, tuseme Busisi katika Wilaya ya Sengerema, hukwama hapo kuliko kwingine, na ugumu wa Kiingereza si sababu pekee. Ndani ya waraka huo limejificha swali la maadili: je, inafaa mtu ajisifu mwenyewe?

Malezi ya sehemu nyingi za Afrika Mashariki yalikwisha kulijibu swali hilo kwa desturi ya mshenga. Kijana anayetaka kuoa haendi ukweni kujipigia debe. Humtuma mtu mzima anayeheshimika, ambaye hutaja sifa ambazo mhusika akizitamka mwenyewe hugeuka aibu. Kwa mtazamo huu barua ya mdhamini inaeleweka mara moja, maana ni ushenga wa kitaaluma, lakini katika maelezo ya azma mposaji huambiwa aingie peke yake na auhesabu uzuri wake mbele ya wakwe. Hata ushenga huo wa kitaaluma una mitego yake. Fomu za vyuo vingi vya Marekani humtaka mdhamini atie alama kwenye kisanduku kuonyesha kama mwombaji yumo katika asilimia 5 bora ya wanafunzi wote aliowahi kuwafundisha, na mwalimu muungwana wa Mwanza ambaye, kwa kuchelea kutia chumvi, anachagua kisanduku cha asilimia 25, humponza mwanafunzi wake bila kujua, kwa kuwa wasomaji wa fomu hizo wamezoea chumvi nyingi.

Katika Uislamu jambo hili lina mjadala mrefu. Sura ya An-Najm (53:32) inawakataza watu kujitakasa, yaani kujitangazia wema, kwa kuwa Mwenyezi Mungu ndiye awajuaye wamchao. Lakini Sura ya Yusuf (12:55) inamwonyesha Nabii Yusuf akimwomba mfalme wa Misri amkabidhi hazina za nchi, na kumweleza kwamba yeye ni mlinzi na mjuzi. Wafasiri, akiwamo al-Qurtubi wa karne ya 13, waliichukua aya hii kuwa ushahidi kwamba mtu anaweza kutaja sifa zake panapokuwa na haja, na wakaangalia kwa makini yale ambayo Yusuf aliyaacha: hakutaja nasaba yake, ingawa alikuwa mwana na mjukuu wa manabii, wala hakutaja uzuri wake, ambao ulikwisha kumletea balaa. Alitaja mambo mawili ambayo kazi ile iliyahitaji. Inaweza kuongezwa kwamba hata kisima ambamo nduguze walimtupa, kisa ambacho kamati ya udahili ya leo ingekipokea kwa mikono miwili, hakukitaja.

Mtakatifu Augustino, ambaye jina lake limebebwa na chuo kikuu kilichopo Malimbe, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza ukitokea Busisi, aliwahi kuwa mwombaji kwa maana kamili ya neno hilo. Mwaka 384 mji wa Milano ulipotafuta mwalimu wa balagha, yaani ufundi wa kusema kwa ushawishi, aliiomba nafasi hiyo kwa msaada wa marafiki zake Wamanikeo, wafuasi wa dini ya Mani, naye Symmachus, mkuu wa mji wa Roma, akamjaribu kwa hotuba na kumpitisha. Miaka kadhaa kabla ya hapo alikuwa amemtabarukia Hierius, msemaji wa Roma ambaye hakuwahi kumwona, kazi yake ya kwanza, na alipokuja kuandika Maungamo, kuanzia mnamo 397, alijihoji vikali kuhusu shauku ile, akaona kwamba alimpenda mtu yule kwa sababu wengine walimsifu. Kijana anayemwandikia barua pepe profesa wa Madison, Marekani, au Leiden, Uholanzi, asiyemjua kwa sura angefanya vyema kujiuliza kama anaitaka akili ya profesa huyo au jina lake, kwa kuwa uzamivu wa insia huko Marekani huchukua miaka 5 au zaidi, na jina halisomi rasimu za sura za tasnifu.

Kujisifu kuna ndugu yake ambaye mila haikumkemea sana, naye ni kujililia. Kabla ya Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takribani kilomita 3, kufunguliwa tarehe 19 Juni 2025, msafiri wa Busisi alivuka Ghuba ya Mwanza kwenda Kigongo kwa kivuko, na mwombaji anaweza kueleza, bila kusema uongo hata kidogo, jinsi alivyosubiri kwenye foleni ya kivuko hicho pamoja na mama mgonjwa. Kinachotia shaka ni kazi ambayo ukweli huo umepewa, maana mama amefanywa bidhaa. Mwombaji mwingine wa palepale anaweza kuandika kwamba wachuuzi wa samaki wa kukaanga na mahindi ya kuchoma, wakigonga madirisha ya mabasi yaliyosubiri zamu, waliita wateja kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kisukuma na Kizinza, kisha akauliza lugha hiyo ya sokoni inakwenda wapi sasa ambapo mabasi hayana sababu ya kusimama. Foleni ni ileile, lakini huyu wa pili amesimama kando ili kitu kionekane, kama Yusuf alivyoiacha sura yake nje ya maneno yake.

Kanda ya Ziwa ina mfano wa mtu ambaye kwake swali lilitangulia shahada. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa katika kisiwa cha Ukerewe mwaka 1944 na kusoma Seminari ya Nyegezi kabla ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikwisha kuchapisha Rosa Mistika (1971) na Kichwamaji (1974), riwaya zinazohoji maana ya maisha, alipomaliza shahada ya umahiri mwaka 1976 kwa tasnifu kuhusu Shaaban Robert. Uzamivu aliuhitimu Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, mwaka 1985, kwa tasnifu kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Neno uzamivu lenyewe latokana na kuzama. Mitaani, hata hivyo, kuzamia ni kwenda ughaibuni kwa kujificha melini, na si kila maelezo ya azma huweka wazi ni uzamiaji upi unaokusudiwa.

Kamati nazo hukataa, mara nyingi bila kutoa sababu, na anayekataliwa hudhani kwamba yeye ndiye aliyepimwa, ilhali kilichopimwa ni karatasi zake. Mfano ni Aniceti Kitereza, naye wa Ukerewe: alimaliza mwaka 1945 riwaya yake ndefu ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe, akakosa mchapishaji kwa lugha yenye wasomaji wachache, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House iliichapa mwaka 1980, na mwandishi alifariki mwaka uliofuata.