Mvua Ikinyesha, Taka Zetu Zinakwenda kwa Nani?



Leo nina swali ambalo huenda hujawahi kujiuliza unapojiandaa kwa kitubio: je, kutupa taka ni dhambi? Usicheke kwanza, nisikilize.

Nyumbani kwetu hapa Mwanza tunakaa mlimani, kwenye mawe, ambako gari la taka haliwezi kupanda. Nilipokuwa mdogo, kiroba cha taka kilikaa nyuma ya jiko. Mawingu mazito yakionekana upande wa ziwani, mdogo wetu wa mwisho alitumwa akamwage mferejini. Mvua inabeba, sisi tunaingia ndani, kwisha habari.

Siku moja baada ya mvua kubwa, mama mmoja wa bondeni alipanda hadi kwetu. Hakuja kugomba. Alimwambia mama, "Dada, mfereji umeziba, maji yameingia ndani mpaka godoro la watoto limelowa. Sisemi ni taka zenu peke yenu." Mama alikosa la kujibu. Mimi niliona aibu sana, maana tulikuwa naye jumuiya moja. Wiki hiyohiyo tulikuwa tumesali Rozari pamoja sebuleni kwake.

Kumbe neno "kutupa" linatudanganya. Kitu ulichotupa hakijapotea, kimehamia kwa mwingine. Taka za milimani zinashuka hadi Mto Mirongo, nao unapita katikati ya jiji na kumwaga Ziwa Victoria. Ziwa hilohilo ndilo linatupa maji ya kunywa na sato wa mboga. Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa sato na sangara walionunuliwa sokoni hapa Mwanza: kwa kila aina, samaki mmoja kati ya watano alikutwa na chembe za plastiki tumboni. Yaani tulichokitupa kinaweza kurudi mezani kwetu.

Mtu atasema, "Lakini gari halifiki, sisi tufanyeje?" Ana hoja. Si haki kumbebesha maskini lawama yote ya huduma ambayo hajawahi kuipata. Ila nami siwezi kujificha nyuma ya hoja hiyo kwa jambo ambalo liko mikononi mwangu. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, wengi tulilalamika. Leo tunakwenda sokoni na kikapu na maisha yanaendelea.

Yesu alipowashibisha watu elfu tano, aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki ili kisipotee kitu. Aliyeweza kuongeza mikate hakuruhusu makombo yaachwe chini! Naye Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, anahesabu kutenganisha taka na kupika kiasi kitakacholiwa kuwa sehemu ya wajibu wetu wa kutunza uumbaji.

Basi siku ile mama alitukusanya, tukakimwaga kiroba uani tuone kina nini. Maganda ya ndizi na viazi, ugali uliobaki, majivu, makopo ya plastiki. Tukapanga: maganda kwa mbuzi wa jirani, ugali upikwe wa kutosha tu na kiporo kiliwe asubuhi, makopo yawekwe pembeni kwa wanaoyaokota kuuza. Kilichobaki kilikuwa kidogo, na baba alisema yeye na kaka watakishusha kwa zamu hadi kizimba cha barabarani. Hilo lilinigusa kuliko yote. Kumbe miaka yote mzigo ule tulimpa mdogo kuliko wote nyumbani, naye akaumwagia watu wasioweza kutujibu.

Kwa hiyo, je, ni dhambi? Kuwa na taka si dhambi, kila nyumba inazo. Lakini nikijua zinaishia kwa jirani, nikaweza kufanya vingine na bado nikafumba macho, hapo nimemkosea jirani, na nimemkosea Mungu aliyeniagiza nimpende. Tunaungama pia yale tuliyopaswa kutenda tukaacha, si ndiyo?

Wiki hii, kabla hujafunga kiroba, kaa na familia yako mjiulize: hiki kinakwenda kwa nani?

Ee Bwana, utufumbue macho tumwone jirani wa bondeni. Amina.