Chupa za Kale na Ukweli wa Dawa

Wako watu katika Uingereza na Marekani wapendao kukusanya chupa kuukuu za maduka ya dawa. Huzichimbua katika majaa ya zamani, huzinunua mnadani, huziosha na kuzipanga vizuri nyumbani mwao. Baadhi yao hupenda hata dawa za mafuta zilizokuwa zikitiwa humo, wakisema ya kwamba dawa za wazee zilikuwa bora kuliko za leo. Neno hili hata sisi twalisikia vijijini mwetu. Basi yatupasa kuuliza: Je, ukale wa dawa ni ushahidi wa kweli yake?

Tusiwadharau wa kale. Katika Injili ya Luka twasoma jinsi yule Msamaria alivyomtia majeruhi mafuta na divai katika jeraha zake. Tena mafuta ya karafuu, zao la Unguja na Pemba, hutuliza jino linalouma, na waganga wa meno wangali wakiitumia dawa iliyomo, iitwayo eujenoli. Lakini hata mafuta hayo mema, mtoto akiyanywa, yaweza kumharibu ini. Twayasifu kwa kuwa yamepimwa, wala si kwa kuwa ni ya zamani.

Sasa tutazame chupa nyingine. Tangu mwaka 1849 iliuzwa Marekani dawa ya maji iliyoitwa Mrs. Winslow's Soothing Syrup, ya kuwatuliza watoto waotao meno. Mama aliyechoka usiku kucha alimpa mtoto wake, naye mtoto akalala. Wengine hawakuamka tena, maana ndani yake mlikuwamo mofini, iliyo dawa ya kasumba, wala chupa haikusema. Je, kosa ni la nani? Si la mama, kwa maana aliyaamini maneno aliyoandikiwa. Kosa ni la yule aliyejua akanyamaza. Mwaka 1906 serikali ya Marekani ilitunga sheria ya kwamba dawa yenye mofini au pombe sharti iandikwe hivyo juu ya chupa. Mwaka 1916 Clark Stanley, aliyeuza dawa ya kuchua akiiita mafuta ya nyoka, alitozwa faini ya dola 20. Dawa yake ilipopimwa, ilionekana kuwa mafuta ya madini, pamoja na shahamu kidogo na pilipili. Wahenga wetu walisema kweli: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mtu atasema, Ikiwa ni hivyo, chupa hizo za uongo zivunjwe. Sisi twaona sivyo. Na zitunzwe, ziwe mashahidi. Na kando yake iwekwe chupa ya namna nyingine, iliyotumiwa Uingereza katika karne ya 19 kwa kutilia sumu. Ilikuwa ya buluu au ya kijani, na ubavuni ina matuta, ili mtu akiishika gizani mkono wake umwonye kabla hajainywa. Aliyeifanya alimfikiri mgonjwa asiyemjua, tena asiyeweza kusoma usiku. Huo ndio uaminifu wa kazi.

Kwa hiyo mwenye kukusanya chupa na aheshimu kioo, lakini masazo yaliyomo asiyaonje wala asimpe mtu, hata yakinukia vizuri. Nasi tusio na chupa za kale tunalo letu la kutazama. Ni mara ngapi mafuta ya taa hutiwa katika chupa ya soda, ikawekwa chini mahali mtoto afikapo? Hatukuandika neno la uongo juu yake, lakini chupa yenyewe yamwambia mtoto, Ninywe. Mwenye nyumba na aiondoe leo, aiweke juu, katika chombo kisichofanana na cha kinywaji.